Programu Aliyoiomba Mwenyewe

Sauti ya mwanamume ilikuwa ikitoka tena chumbani alimofanyia kazi mkewe, saa sita mchana, mlango umefungwa kwa ndani.

Randa, kama walivyomwita kwenye karakana yake ya useremala, alisimama ukumbini na vumbi la mbao kichwani. Alikuwa amerudi kuchukua futi ya kupimia aliyoisahau. Sasa futi yenyewe ilimtoka akilini.

"Nisamehe kwa yote niliyokutendea," sauti ilisema, nzito, isiyo na haraka, kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza lugha ukubwani.

Mkewe akacheka. "Hebu tena hapo."

Sauti ikarudia neno kwa neno, bila kuchoka. Randa hakukumbuka lini yeye alimrudia mkewe jambo mara mbili bila kufoka.

Mkewe alichapa miswada ya watu nyumbani, na chumba hicho hakikuwahi kufungwa. Yote yalianza wiki tatu zilizopita, siku fundi kompyuta alipokuja kumwekea programu. Randa hakubisha hodi. Alitoka mbio hadi mtaa wa pili, kwa fundi.

"Uliweka nini kwenye kompyuta ya mke wangu?"

Fundi aliweka bisibisi chini. "Za bure tu, kaka. Ya kuandikia, ya kuzuia virusi, ya kuhifadhi nakala. Ndizo ninazomshauri kila mteja." Akaiokota tena bisibisi. "Na moja aliyoiomba mwenyewe."

"Ipi hiyo?"

"Muulize shemeji. Nilimwahidi sitasema."

Randa aliondoka bila kuaga, wivu ukimwaka. Basi kulikuwa na siri, na mtu baki aliijua kabla yake! Njiani alijumlisha mambo. Jumapili alinyoa ndevu alizofuga miaka tisa; mkewe alimwekea chai mbele yake, asiseme lolote. Ujumbe aliomwandikia kwenye simu ulikaa siku nzima haujafunguliwa. Na wakiwa mezani, macho ya mkewe yalimpita begani, kana kwamba nyuma yake ameketi mwingine aliye bora zaidi.

"Leo atanitambulisha kwa bwana wake," alisema kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa akipita akageuka kumtazama.

Alipitia karakana akachukua patasi. Kitasa cha mlango ule alikipachika kwa mikono yake. Alijua pa kupenyeza patasi. Kikaachia bila kelele.

Jua lilikuwa limejaa chumbani, pazia limefunguliwa lote. Hapakuwa na mwanamume. Mkewe alikuwa peke yake mezani, vidole vyake vikitembea juu ya vibonyezo. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimezimwa, cheusi. Kutoka spika mbili ndogo, sauti ile nzito ilikuwa ikimsomea mswada.

"Mwisho wa sura ya nne," ilisema.

Randa alipiga hatua mbili, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa. Patasi ilimponyoka ikaanguka sakafuni.

Mkewe akashtuka, akainua uso, akamkazia macho.

"Nani hapo?" akauliza.