Miche Kumi na Minne

Kitanda kilikuwa tayari juu ya lori, miguu ikitazama mbinguni, na dereva alikwisha kuwasha injini mara mbili. Aliyebaki chini ni mama mwenyewe. Alisema hapandi mpaka akaage mabiringanya yake nyuma ya nyumba.

Mwanawe, fundi umeme, akashusha pumzi. Mabiringanya gani tena? Siku sita mama alikuwa amelazwa hospitali ya mjini kwa ajili ya goti, na siku hizo sita jua liliwaka mpaka mbuzi wakagombea kivuli cha nguzo. Nani alimwagilia?

Mapatano yao yalikuwa ya tangu ukame uanze. Mwana alitaka mama ahamie kwake mjini. Mama alitaka kuzeekea kwenye udongo anaoujua. Wakakubaliana: siku ya lori ikifika, na mche hata mmoja uko hai, mama habanduki.

Basi mama alipigana. Alitandaza nyasi kavu kwenye mashina ili udongo usichomeke. Alitundika mashuka yake yote juu ya vijiti, miche ipate kivuli, yeye akalalia godoro tupu. Alifukia chupa alizozitoboa, maji yadondoke taratibu kwenye mizizi. Ilipoanguka mvua ya mawe, alitoa sufuria zote jikoni akaifunika miche, na mche uliokosa sufuria akausimamia mwenyewe, beseni kichwani. Miche kumi na minne, yote ikapona. Kisha goti likamwangusha.

Mkwewe, mke wa fundi, alisimama kando ya lori amevaa viatu vya ofisini. Alishapaka rangi chumba cha mama na kushona mapazia. Mumewe akamtania mbele ya dereva: mtu asiyejua kandambili yake ya kijani imepotelea wapi, ataweza kutunza mama wa watu?

"Na uji wake je?" mama akadakia. "Unasema alikuwa akitoka nao alfajiri. Mimi hospitali ulinifikia saa tano, umeganda. Mwanangu, umeoa kobe."

Mkwe akacheka, akasema mama atamzoea tu.

Wakazunguka nyumba wote wanne. Dereva ndiye aliyeona kwanza, akavua kofia. Miche kumi na minne imesimama wima, majani mapana, matunda yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Chini ya nyasi, udongo ulikuwa na unyevu.

"Ni zile chupa," fundi alisema polepole. "Mama, zimedumu siku sita?"

"Mimi nilikuwa kitandani. Liulize goti."

Fundi akakuna kichwa. Ahadi ni ahadi. Akapanda mwenyewe kushusha kitanda, huku mkewe akijifuta machozi na kulalamika kwamba rangi ya chumba haijakauka hata vizuri.

Mama yuko kwake mpaka leo, na mashuka bado yako shambani. Chumba cha mjini kimekuwa stoo ya nyaya. Dereva alifukia chupa kama zile kwenye mabiringanya yake. Siku ya tatu zilikuwa tupu, na miche ikafa. Mkwe alipelekewa kikapu cha kwanza cha mavuno, kwa jina lake peke yake. Chini kabisa, chini ya mabiringanya, alikuta kandambili moja ya kijani, imeoshwa.