Kanga na Sala ya Alfajiri

Uwanja mmoja mjini ulikuwa na wakazi watatu, kila mmoja na dini yake. Kanga alisali alfajiri, kichwa ndani ya bawa. Bata alisali adhuhuri, kichwa ndani ya maji ya bwawa. Mzee Kobe alisali jioni, kichwa ndani ya gamba.

Jambo hilo lilimkera Kanga. "Majirani, Mungu akiitwa ovyo ovyo atatusikiaje? Sote tusali alfajiri!"

"Haya, yaishe, jirani," akasema Bata, kwa kutaka amani.

Kesho yake alfajiri vichwa vyote vikafichwa. Ndipo Mwewe aliposhuka kama jiwe, akamkwapua kifaranga wa Kanga. Bahati nzuri Kobe ni mzito wa kila jambo, na shingo yake ilikuwa haijaingia yote. Akamng'ata Mwewe mguu, akang'ang'ania mpaka kifaranga akadondoka, mzima.

Kanga akamfunika mwanawe kwa mbawa, moyo ukimrudia mahali pake. "Miaka yote hajathubutu kutua hapa! Kwa nini leo?"

"Miaka yote," akasema Bata, "ukisali wewe, mimi huwaangalia wanao."

Adhuhuri hiyo, Bata alipozamisha kichwa, Kanga alisimama kando ya vifaranga wa Bata, shingo juu, macho angani.

Njiwa aliyekuwa akipita akacheka. "Ehe, Bi Kanga! Umeingia dini ya Bata?"

"Dini yangu ni ileile," akajibu Kanga. "Ila Mwewe hana dini. Hebu pita, unanizibia anga."