Kengele ya Dakika Tatu

Mkoba wa Mheshimiwa ulikuwa kitini. Mheshimiwa mwenyewe, diwani wa bondeni, hakuwapo.

Ulikuwa mkoba wa kahawia wenye zipu mbovu, na ndani yake simu ilikuwa inaita. Ikanyamaza, ikaita tena. Aliyekuwa anapiga ni katibu wa baraza, pale meza ya mbele. Alipogundua kwamba simu anayoitafuta iko hatua kumi kutoka alipoketi, aliweka yake chini.

Mlangoni alisimama bawabu wa ukumbi, mume wa Mheshimiwa. Nyumbani alimwita mama watoto, ukumbini Mheshimiwa, na madiwani hawakuchoka kumtania kwamba mji mzima ni yeye tu aliyeajiriwa kumfungulia mkewe mlango. Leo hakuna aliyetania. Kola ya sare yake ilikuwa imelowa jasho, na rundo la funguo, ambalo siku zote lililia kila alipopita, alikuwa amelifumbata kwenye ngumi.

Katibu alimwendea. "Ndugu yangu, mkeo yuko wapi? Aliniambia anashuka masijala mara moja, kuchukua muhtasari wa mwaka jana."

"Masijala pamefungwa, dada. Nimetoka huko."

"Mungu wangu!"

Hoja mezani ilikuwa moja: mtaa wa bondeni uvunjwe, tajiri wa kokoto apate njia ya malori yake. Nyumba ya bawabu, vyumba vitatu vilivyomla miaka tisa, ilikuwa ya nne kutoka kisimani. Madiwani walikuwa ishirini. Kumi walikuwa wa tajiri, kumi hawakuwa wake, na kura zikilingana hoja imeanguka. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeipata. Mkoba ule usipopata mwenyewe, mtaa umekwenda.

Viti vya wananchi vilikuwa vitupu, isipokuwa viwili. Vilikaliwa na wanaume ambao hakuna aliyewajua. Mmoja alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti, macho yake kwenye ule mkoba.

Siku tatu nyuma, barua isiyo na jina ilipenyezwa chini ya mlango wa bawabu. *Ukikalia kiti siku ya kura, mumeo atakuzika.* Mkewe aliisoma, akacheka, akaitandika mezani na kutua sufuria ya moto juu yake. "Mbwa abwekaye haumi," alisema. Diwani wa bondeni aliyemtangulia naye alisema hivyo hivyo. Mwaka jana aliipinga hoja hii hii, na kesho yake akaokotwa mtaroni. Ajali, walisema. Bawabu alikuwa mmoja wa waliombeba, na alichokiona siku ile hakikufanana na ajali.

Mwenyekiti alitazama saa ya ukutani. "Kanuni ya arobaini na moja. Kengele italia dakika tatu, kisha milango ifungwe. Aliye nje abaki nje, aliye ndani abaki ndani, mpaka kura zihesabiwe."

"Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti!" Aliyesimama ni diwani mkongwe, mwalimu mstaafu. "Mwenzetu alikuwa hapa. Mkoba wake huu hapa! Kikao kisimame, mtu atafutwe kwanza."

"Kanuni inahesabu watu, Mwalimu. Haihesabu mikoba. Kaa."

Kengele ikaanza kulia.

Bawabu alikodolea macho korido ndefu yenye ngazi mwisho wake. Midomo ilikuwa inamcheza. Ungemtazama ungedhani anasali, na kweli alikuwa anasali. Dakika ya pili zikasikika nyayo za haraka zikipanda ngazi. Akashika kitasa cha mlango. Akatokea mama wa chai na chupa zake mbili. Bawabu alifumba macho, akashusha pumzi.

Kengele ikakatika.

"Funga," alisema Mwenyekiti.

Ufunguo ulimshinda mara mbili kuingia tunduni. Mara ya tatu ukaingia. Nyuma yake katibu alikuwa amejifunika uso kwa daftari.

Waliokubali, kumi. Waliokataa, tisa. Hoja imepita.

Alipofungua mlango, madiwani walitoka kama wanatoka msibani. Mwalimu alimshika bega. "Pole, mwanangu. Nyumba hujengwa tena. Lakini mkeo? Twende polisi sasa hivi."

"Nitangulie nje, Mwalimu. Nakuja."

Wale wawili walipita mwisho. Mwenye kijiti alisimama mbele yake, akamtengeneza kola iliyolowa. "Msalimie mama," alisema.

"Zimefika," alijibu bawabu.

Alisubiri mpaka gari lao likaondoka uani. Kisha akauchukua mkoba kitini, akashuka ngazi moja kwa moja mpaka chini kabisa, kwenye masijala, ambako kuta ni nene kiasi kwamba hata kengele ya kura haisikiki. Aliketi kwenye ngazi ya mwisho, akavua kiatu cha kulia, akatoa ufunguo mmoja, na kufungua mlango aliokuwa ameufunga kwa mkono wake saa saba na nusu.

Mkewe alikuwa ameketi sakafuni, muhtasari wa mwaka jana mapajani, viganja vimevimba kwa kugonga, sauti imekauka.

"Kengele imelia?" aliuliza.

"Imelia, mama watoto," alisema bawabu. "Twende tukahamishe vyombo."