Kitufe cha Kukataa

Sheria ilikuwa moja: ukuta wa kila nyumba humsemesha mtu kwa lugha aliyoandikishwa nayo alipozaliwa, na neno lisilo na tafsiri halionyeshwi kabisa. Bi Nimwaka aliandikishwa Kidigo. Asubuhi ile ukuta ulimuuliza kama anakubali kuhamia Makao ya Wazee, na chini ya swali palikuwa na kitufe kimoja tu, cha kukubali. Akakibonyeza.

Binti yake, Mejumaa, alipogundua, damu ilimchemka. Akampigia simu fundi wa kuta.

"Kitufe cha kukataa kiko wapi?"

"Dada, swali tumelitafsiri vizuri. Vitufe vinatoka kwenye kiolezo cha nyumba zote, na humo Kidigo kina pengo."

"Basi lizibeni!"

"Mfumo hauruhusu. Neno hutafsiriwa likiwa na watumiaji, na hakuna Mdigo hata mmoja aliyewahi kukataa."

"Wangebonyeza nini, wewe? Pua yako?"

Fundi akakata simu. Mejumaa akaupiga ukuta teke mpaka kidole kikatoka damu, na ukuta ukamwomba radhi kwa Kiswahili fasaha, lugha aliyoandikishwa yeye.

Chumbani alimkuta mama yake ameshazikunja leso zake zote na kuzifunga furushi.

"Fungua hilo furushi, mama. Huendi popote."

"Usijisumbue, mwanangu," Bi Nimwaka alisema bila kumtazama. "Nililitafuta jibu la pili nisilione, nikajua umeshaniamulia."