Kesi ya Nta

Sikieni uonevu huu. Nyegere alibomoa mzinga, akabeba nta yote, na watoto wa Mama Nyuki wakabaki juani. Mama akamshitaki kwa Nyati, hakimu aliyesifiwa kwa utulivu.

“Nta inaziba nyufa za vibuyu na kung'arisha viti,” Nyegere alijitetea. “Unataka tukalie viti vilivyochakaa kwa ajili ya vitoto vyako?”

“Mheshimiwa, wanangu wanakufa!”

Nyati aliitikia kwa kichwa, taratibu, hadi wote waliponyamaza. Ndipo akachomoa masikioni madonge mawili ya nta, bado yananukia mzinga ule ule.

“Mmemaliza? Nyegere ameshinda.”

“Hee! Hata wewe?” Mama Nyuki alipigwa na butwaa. Kisha akayatazama yale masikio, sasa yako wazi.

“Basi tuanze upya, mheshimiwa,” akasema, akaingia humo masikioni na ukoo wake wote.