Alama za Tairi Langoni

"Shika ncha vizuri, shemeji, usiilegeze," mwalimu alisema huku akirudi nyuma na tepu ya kupimia.

Shemeji yake alichuchumaa langoni, pale pale dada wa mwalimu alipogongwa wiki iliyopita. Mwalimu alimwonea huruma. Mume kumgonga mkewe mwenyewe akirudi kutoka kazini ni msiba juu ya msiba, na bado ukoo mzima ulikuwa unamnyooshea kidole.

Baba mdogo alisimama kando, kanuna. "Huyu alikuwa anapaa. Mtoto wa marehemu hatumpi mtu asiyejua kukanyaga breki."

"Tusiseme kwa kuhisi, baba mdogo. Tupime."

Alifundisha fizikia, na hili lilikuwa somo la kidato cha kwanza. Wanafunzi walilipenda kwa sababu aliiga milio ya magari kwa mdomo. Gari likifunga breki, aliwaambia, alama huanza hafifu na kukolea hadi linaposimama. Likiondolewa kwa pupa, huanza nyeusi, kisha ikafifia. Umbali peke yake ni nusu ya habari, msisahau uelekeo.

Leo alitafuta umbali tu. Vumbi lilikuwa limefunika lami, lakini chaki ya polisi kwenye ncha mbili za alama ilionekana. Akapima kutoka chaki hadi chaki, machozi yakimlengalenga, akapiga hesabu kiganjani.

"Mita sita. Hakufika hata arobaini kwa saa. Huo ni mwendo wa baiskeli ikishuka mlima."

"Basi tumemwonea bure," baba mdogo alisema, akamkumbatia mkwewe. Mwenyewe akaenda kubeba begi la mtoto na kulitia garini. Shemeji alikuwa amepata kazi mji mwingine, mbali, na hakutaka kulala hapo tena.

"Mama mdogo, utakuja kuniona?" mtoto aliuliza dirishani.

"Nitakuja, mwanangu. Msikilize baba."

Gari likaondoka taratibu. Mwalimu alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akachukua ufagio, maana dada yake hakuwahi kuacha lango lake na vumbi.

Alianzia pale dada alipoangukia. Alama ilikuwa hafifu, ya kutafutwa kwa macho. Akafagia akielekea barabarani, gari lilikotokea siku ile, nayo ikazidi kukolea kila hatua, hadi kwenye chaki ya mwisho, ilikokuwa nyeusi tii.

Kule konani, mtoto alikuwa bado anampungia mkono.