Kidole cha Zamda

Siku hizo faili la ushauri nasaha halikufunguka bila kidole cha mteja mwenyewe, na kila lilipofunguka liliandika nani kasoma, saa ngapi. Zamda aliiamini sheria hiyo bila wasiwasi. Kliniki alimwaga yote, hata hili: tangu mama yake afariki, hakuna tena anayemwita Kibibi.

Jumanne, mumewe Shomari alimaliza wali, akafuta mdomo. "Ahsante, Kibibi."

Zamda hakuosha hata vyombo. Alikwenda moja kwa moja kliniki.

"Faili lako limesomwa mara tatu," mshauri alimwambia. "Zote umesoma wewe, dada, kwa simu, saa nane mchana."

Saa nane Zamda huwa amelala fofofo, mkono ukining'inia nje ya kitanda.

Hakulia. Aliweka kidole, faili likafunguka. "Niandikie mstari mmoja tu: Shomari, siku hizi silali, nafumba macho tu."

Kesho yake saa nane alijilaza, mkono palepale. Kidole kikashikwa polepole, kikabandikwa kwenye simu. Kisha simu ikawekwa chini, wala mkono uliomshika haukumwachia.